Kanga Yako Kwenye Gari la Mashindano

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Assalam aleikum. Kikohozi kimepoa? Na mikorosho imeshaanza kutoa maua? Mimi mzima, ila nina kosa la kukiri. Dada Asha akikusomea, asiruke mstari.

Siku naondoka Ruponda kuja huku Afrika Kusini ulichana doti yako ya kanga, moja ukabaki nayo, moja ukanipa. Yangu nimeikatakata.

Unajua kiwanda cha magari kilichoniajiri kilikuwa na timu yake ya mashindano. Mwanzoni tulikuwa mafundi sita na gari moja, na kila tukikimbia, vumbi linaua injini. Nikakumbuka mashine yetu ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kaka Hamisi alivyokuwa akiifunga kitambaa pale inapovutia hewa. Kitambaa cha karibu kilikuwa kanga yako; nikakata kipande, nikakifunga kwenye injini vilevile. Mama, tulishinda! Tangu hapo kila mbio bosi ananiuliza, "Kanga ya mama ipo?" Nami nakata kipande kingine. Yakafika magari matatu, na picha zetu zikabandikwa hadi getini.

Sifa zikawavuta wakubwa wa kiwanda. Wakatuletea mkuu mpya, mzee mwenye mvi, akasema matambara yanatia aibu kwenye televisheni. Nilijua kitakachotokea. Lakini ulinilea nisibishane na mtu mzima, nikainamisha kichwa, nikavitoa vile vipande. Mbio tatu mfululizo injini zikafa. Mwezi huu kiwanda kimeifunga timu, na kazi yetu imeishia hapo. Wenzangu wamelia. Mimi nimelia kuwazidi, maana ningefungua mdomo, pengine tungekuwa bado gereji.

Jana bosi wetu wa zamani alinifuata na kipande cha zile mbio za kwanza. Kumbe alikitunza miaka yote hii! Amekifua, doa la oili limegoma kutoka.

"Kamrudishie mwenyewe," akasema.

Basi nakuja nacho. Msalimie kaka Hamisi, mwambie asihangaike na fundi wa mashine msimu huu. Msalimie shangazi wa Mbwemkuru, na mjomba wa Kiegei, yule wa ufuta, aliyemtangazia kila mtu kwamba mpwa wake anatengeneza magari ya mashindano.

Ukiniona nimeshuka na begi dogo, Mama, usiniulize mbele ya watu. Nigombeze ndani, halafu unipakulie.

Mwanao,
Selemani