Kakao ya Timu

Beni, komini ya Ruwenzori

Kwa mke wangu, Mama Masika,

Kabla ya yote nakusalimu, wewe na watoto na kila anayelala chini ya paa letu hapo Vulamba, Butembo. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Masika ameacha kukohoa? Na lile bati lililong'oka juu ya jiko, kaka yako ameligongelea au bado anatafuta misumari tangu Pasaka? Mimi nakula, nalala, naenda misa. Mwili ni mzima. Roho ndiyo siwezi kuisemea vizuri, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unaniuliza timu inaendaje, nakujibu tunajikaza, halafu unanyamaza, na kimya chako nakijua. Kwenye ramani Beni na Butembo si mbali, lakini huu ni mwezi wa saba sijalala nyumbani. Barua hii atakuletea mama mmoja wa parokia anayepanda huko kununua nguo.

Nianze na kosa. Ile Jumapili uliyotungoja uwanjani Butembo na sufuria za sombe na ugali wa vijana ishirini, nilikwambia barabara ilifungwa. Haikufungwa. Hatukuwa na pesa za gari. Vijana walikuwa wamekwisha kuvaa jezi, wamekalia mifuko yao mbele ya ofisi ya timu tangu saa moja asubuhi, na dereva hakuwasha hata injini. Tukahesabiwa tumeshindwa bila kucheza. Wewe uligawa chakula kwa watu usiowajua, na mimi nikakudanganya kwa sababu ya aibu. Nisamehe. Hata sasa naandika haya huku uso unaniwaka.

Unajua nilivyoipata timu hii. Ilikuwa inakula kwenye mfuko wa mfanyabiashara mmoja, na siku alipochoka ilibaki na mipira miwili. Nikapewa kazi zote mbili, ya kocha na ya meneja, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka. Nikajiona mwerevu. Nikawaambia: kwetu Masereka mtoto akizaliwa baba yake anapanda mikaratusi, ili akikua akate miti ajenge. Timu nayo ni mtoto, tuipandie. Wakanipigia makofi. Wewe peke yako uliniuliza, "Na mpaka miti ikomae, mutoto atakula nini?" Nikakujibu kwamba mwanamke wa sokoni haoni mbali. Haya, cheka. Una haki.

Shamba tulipewa na mzee Katembo, mwenye udongo upande wa kuelekea milimani. Tulilipata kwa desturi yetu: mbuzi wa muhako kila mwaka, kumtambua mwenye ardhi. Mbuzi nilimpeleka mimi, kwa hiyo shamba likawa kwa jina langu. Vijana na mashabiki walifanya salongo, ile kazi ya pamoja, Jumamosi nne, wakapanda kakao huku wakiimba. Hapo ndipo nikafanya upumbavu wangu mkubwa: niliwaambia mashabiki wapumzike kuchanga. "Kakao itatulisha," nikasema. Watu wakazoea kutochanga. Miti ilipoanza kuzaa, wenye bunduki walikuwa wamefika upande ule, vijiji vimehama, nasi tukabaki bila kakao na bila mchango. Majuto ni mjukuu, Mama Masika, na huyu wangu amekuja na meno tayari.

Mashabiki wa timu nyingine wanatuita ba-kakao, watu wa kakao. Tukifungwa wanapiga kelele, "Ba-kakao, muende mukavune!" Na tulikuwa tumefungwa mara tano mfululizo.

Mwezi uliopita, baada ya misa, komite ilikaa. Papa Muhindo, rais wetu, hakuzunguka.

"Coach, kakao iko naoza ku miti, na bei iko juu. Batoto baende kuvuna."

"Papa, kule batu beko nakufa."

"Hata hapa timu iko nakufa."

Mama Kahindo, mtunza sanduku, alikuwa akitazama kucha zake. Mimi nilikataa. Nikasema sitamtuma kijana hata mmoja, nikainuka, nikadhani neno limekwisha.

Alhamisi iliyofuata, Jeremi, kapiteni wetu, na wenzake watatu walienda bila kuniaga. Walirudi jioni na magunia mawili. Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata padri: nilitamani warudi mikono mitupu. Walirudi wanacheka. Waliuza kakao ikiwa mbichi vile vile, pesa ikakodi gari, tukaenda kucheza, tukashinda mabao mawili kwa sifuri. Watu waliwabeba mabegani. Nami nilisimama kando ya mstari nikipiga makofi kama wengine, huku nikiwahesabu wale wanne.

Baadaye nilimwuliza Jeremi kama hakuogopa.

"Niliogopa, Coach. Lakini ku nyumba tuko nalala njaa. Na sisi ni ba-joueur ya mupira, tunajua kukimbia."

Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya ukuta wa uwanja nikalia.

Tangu siku ile hakuna anayenisikiliza. Komite imesema kuvuna ndiyo njia ya timu kwa miaka inayokuja: kila wiki watu kumi na mmoja, kwa zamu, na aliyekwenda shambani ndiye atakayecheza. Karatasi ninayoandikia majina ya mechi ndiyo wanayotaka niandikie majina ya shamba, na chini yake niweke sahihi. Vijana wanakuja hadi mlangoni kwangu. "Coach, uniweke." Mmoja wao mke wake amejifungua wiki tatu tu zilizopita, naye anaomba awekwe. Nikimwambia hapana, ananiangalia kama mtu niliyemnyima haki yake.

Papa Muhindo si mtu mbaya, usimchukie. Aliuza pikipiki yake kwa ajili ya timu hii. Amechoka. Nami nimechoka, ila uchovu wetu umetupeleka njia mbili.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wakati wa muhako umefika, na juzi nilikwenda kwa mzee Katembo. Siku hizi amepanga chumba kimoja hapa mjini, yeye mwenye vilima, anakalia kiti cha plastiki cha mwenye nyumba. Alitazama nyuma yangu.

"Mbuzi iko wapi?"

"Papa, nimekuja kurudisha shamba."

Aliwaita majirani wawili waje wasikie, kama inavyotakiwa.

"Unajua kama unarudisha leo, hata mutoto wako hataweza kuja kuomba tena?"

"Ninajua."

"Na kakao?"

"Iende pamoja na udongo."

Akasema basi hakuna mutu ataingia mule mpaka yeye mwenyewe arudi kwake, akiwa hai. Wanunuzi wote wa hapa wanamjua, na hawanunui kabla ya kuuliza kakao imetoka shamba la nani. Akanimiminia kasiksi kwenye kikombe. Pombe ile ya ndizi ninayoipenda, siku hiyo niliiacha kikombeni.

Kwa hiyo mimi niliyepanda ndiye niliyeng'oa. Bila shamba lile hatutaweza kulipia hata licence, zile kadi za vijana za kuchezea, kwa msimu unaokuja. Timu imekwisha, na wao hawajui. Leo kwenye mazoezi walikuja wote ishirini, wakibishana nani awe kwenye zamu ya Alhamisi. Nikawaacha wabishane. Kesho asubuhi nitawaambia, na sidhani kama kuna atakayenipa mkono. Kisha nitarudi nyumbani. Sitakuja na kitu, ujiandae kwa hilo.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya macho nimeitafuta kila mahali bila kuiona. Msalimie kaka yako na mke wake. Msalimie katekista, jirani yetu, anayeiombea timu yangu kila Jumapili. Mwambie sasa awaombee vijana tu, inatosha. Mshike Masika kichwa kwa niaba yangu, na wadogo zake.

Neno moja tena. Habari hii itafika Vulamba kabla yangu, maana habari mbaya haingoji gari. Watu watakuuliza kama ni kweli mume wako ndiye aliyeiua timu ya Ruwenzori. Najua moyo wako, utataka kueleza. Usinitetee, Mama Masika. Sema ndiyo, ni yeye.

Mume wako,
Baba Masika