Uso wa Bi Mize

Jumatatu, 4 Machi 2002
Kompyuta imeganda tena. Tangu asubuhi nnajifunza programu hii ya kuunganisha picha, sauti na maandishi. Miaka yote redioni nilikata utepe kwa wembe. Nikikosea, nnaokota kipande chini. Hapa ukikosea hakuna cha kuokota. Sidii (CD) ya wakulima wa mwani iwe tayari Jumamosi, wageni wanakuja ofisini kuitazama. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Leo imekubali. Bi Mize wa Matemwe anafunga mwani kwenye kamba, anaeleza, maneno yanapita chini ya picha. Nimepiga makofi peke yangu.

Alasiri kaja binti yake, Mwanaidi. Baba yake kazikwa jana. Mama kakaa eda.

"Anakusalimu, Bi Salma. Anasema sauti iacheni, lakini uso wake wageni wasiuone."

Nimesema sawa. Hata pa kuanzia sipajui.

Alhamisi, 7 Machi
Bwana Suleiman, mkuu wetu, hataki kusikia. "Tulimpiga picha kabla ya msiba. Mwenyewe aliridhia."

Kweli aliridhia. Sasa hataki. Nimemwambia sidii yenye uso wake mimi siitoi. Hajanisemesha tena.

Nimetoa picha moja, sauti zote zikahama. Bi Mize anaeleza kuanika, picha inaonesha kufunga. Umeme ukakatika. Sikuwa nimesevu. Nimelia chooni.

Ijumaa, 8 Machi
Sikula. Nimekuza kila picha mpaka ikabaki mikono yake tu, kamba na mwani. Halafu sauti, neno kwa neno. Nasevu kila dakika kama mwendawazimu. Imekamilika kabla ya Magharibi.

Jumamosi, 9 Machi
Wageni wameangalia mpaka mwisho. Mmoja akauliza mbona uso wa mama huyu hauonekani. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Suleiman akamjibu, "Amefiwa na mumewe. Yuko eda. Hatumuoneshi."

Basi. Hakunitazama.

Jumanne, 12 Machi
Nimekwenda Matemwe kuhani, kuwapa pole. Kompyuta hakuna kule, nimechukua redio na kaseti ya mwanzo, ile nzima isiyokatwa. Tumekaa chumbani, Bi Mize, Mwanaidi na mimi. Katikati ya maelezo ya mwani, marehemu anasikika akimwita mkewe kutoka uani: "Mize!" Kwenye sidii mwito huo niliukata.

Bi Mize akaitika palepale, "Naam."

Mwanaidi akanyoosha mkono azime. Mama akamzuia. Tumesikiliza mpaka utepe ukaisha.