Mfupa Tulioukatalia Jina Lako, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke, miwani yako ya kazi ikiwa bado inaning'inia shingoni kwa sababu ulimkatalia nesi asiivue. Wengine huandika kwamba mpendwa wao aliondoka kwa amani. Sisi tuliokuwepo tunajua wewe uliondoka ukibishana, na tunashukuru, maana hatukukujua vinginevyo.

Mtaani walikuita Mama Vipande. Watoto walidhani unauza vitambaa. Ulicheka tu, ukaenda zako makumbusho, kwenye chumba kile cha nyuma chenye feni inayolalamika na harufu ya gundi, ukaketi na mifupa iliyogeuka jiwe. Kazi yako ilikuwa kuwatambua watambaazi walioruka angani zamani za kale, kabla binadamu hajakanyaga ardhi hii, kwa vipande ambavyo vingi havikuzidi urefu wa kidole. Ukiulizwa kwa nini hutafuti mnyama mzima, ulijibu, "Wazima wana watu wao. Hivi vipande vitahangaikiwa na nani?"

Ulitufundisha mezani, vyombo vikiwa havijatolewa. Mfupa wa mnyama arukaye una ukuta mwembamba sana na ndani ni uwazi, kwa sababu mzito haruki. Penye kiungo cha kidole kile kirefu kilichobeba bawa, una umbo la kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Na kama una shaka, gusisha ncha ya ulimi: mfupa wa kale hunata, jiwe la kawaida halinati. Baba alikuwa akikuchokoza, "Mama watoto, kama umeshashiba mawe, chakula nile peke yangu?"

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa maneno. Mhudumu wa usafi alipojifungua, chumba chako ulikifagia mwenyewe, ukamtumia salamu asiharakishe kurudi. Lakini mwanafunzi akikwambia "nadhani", ulimrudishia mfupa mkononi na kumwambia akadhani nje, akishajua aingie.

Ukali huo ulianzia kwako mwenyewe. Ujanani ulisimama mkutanoni ukatangaza kwamba umepata kidole cha bawa. Baadaye ulipokisafisha vizuri, ukaona ni mwiba wa pezi la samaki. Hakuna aliyekushtukia. Ungeweza kunyamaza, na maisha yakaendelea. Wewe ukaomba nafasi tena, ukasimama palepale, ukasema, "Jamani, yule mrukaji wangu alikuwa anaogelea." Walicheka mpaka wakashika mbavu, na wewe ukacheka kuliko wote. Toka siku ile hukubahatisha tena.

Ndipo kikaja kile kipande kikubwa, nusu ya mfupa wa bawa, kinene kuliko mkono wa Baba. Mkurugenzi wa makumbusho alitaka mnyama wa aina mpya, jina jipya, na sanamu ya kuning'iniza ukumbini. Ulikichunguza mpaka maradhi yakakulaza, ukakibandika maneno yako: "Mtambaazi arukaye. Aina: sijui." Mkurugenzi alikuja kukusihi kitandani, tukasikia wote ulivyomjibu. "Kwamba aliruka, naapa. Ni nani, sijui. Ana jamaa kadhaa wenye mfupa kama huu, na sehemu ya kuwatofautisha ilivunjika, haipo. Nikimpa jina jipya leo, siku akipatikana mzima mtakuja kulifuta."

Mwezi uliopita mkurugenzi huyo alikuja nyumbani, nadhifu, na maua. "Tumeamua mnyama yule apewe jina la mama yenu," akasema. "Tutalitangaza siku mama anapotimiza mwaka tangu afariki. Ni heshima kubwa hii, jamani. Tunachoomba ni familia iridhie."

Hatutakudanganya, Mama, tulitamani. Jina lako lingesomwa na watu wa mbali wasiowahi kukuona. Kitinda mimba wako alilia waziwazi, akanigeukia mimi. "Dada, sisi tutakufa, watoto wetu watasahau. Mfupa ule hausahauliki." Mama Mdogo akamkatiza, "Dada yangu hakuvaa nguo ya kuazima akiwa hai. Leo mnataka kumvisha kaburini?" Nyumba ikagawanyika. Watu walipishana mlangoni bila salamu, na Baba akawa anabishana na redio kwa kukosa wa kubishana naye.

Kitinda mimba wako hakugeuzwa na maneno yetu. Alikwenda makumbusho mwenyewe, akaomba akishike kile kipande, akakigeuza huku na huku kama alivyokuona ukifanya. Kisha akamuuliza mkurugenzi mbele ya wenzake, "Tangu mama afariki, kuna kitu kipya mmekiona kwenye mfupa huu?"

"Hapana, lakini unajua, heshima ya mama..."

"Basi na sisi ni hapana."

Alirudi nyumbani macho mekundu, akatusimulia, na Baba akainuka akamkumbatia. Iliuma. Tuseme ukweli, bado inauma, kwa sababu tulikuwa na njia ya kukuweka duniani na tumeifunga kwa mikono yetu.

Kwa hiyo tumekataa, na tunalisema hapa gazetini ili kila mtu asikie. Wametuita wabishi, wametuita tusio na shukrani. Sawa. Wanasema wanaweza kuendelea bila ridhaa yetu, na pengine wanaweza. Wakithubutu, tutahudhuria wote, tutakaa mstari wa mbele, na makofi yakiisha tutasimama tuseme kwa sauti: "Yeye alisema hajui."

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa, ambaye tangu uondoke hana anayemshinda kwa hoja na hafurahii ushindi. Na binti yako mkubwa, aliyeandika haya. Na kitinda mimba wako. Na mdogo wako, Mama Mdogo wetu. Na wakwe zako. Na wajukuu zako, ambao hakuna hata mmoja anayekubali jambo kwa kuambiwa tu.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Mama, na hatutakusingizia.