Kwa Nini Simba Hakubweka

Free Area, Nakuru
Jumapili jioni

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Mwili wangu ni mzima, roho ndiyo inachemka. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kisimani? Na mvua imewafikia huko Mwingi, au mbuzi bado wanapelekwa mbali kunywa maji? Mwambie Nzilani akusomee polepole, na asiruke mahali hata pale ninapokasirika.

Mama, nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako. Nilipokupigia simu kukwambia kwamba sikuiba, ulijibu "sawa," kisha ukampa Nzilani simu. Najua Kioko, mtoto wa shangazi, alikuja huko kwa mazishi akasimulia mbele ya watu kwamba nimefukuzwa kazi kwa wizi. Sasa nikueleze kwa mpangilio. Mambo haya niliyaandika kwenye shajara yangu siku yalipotokea, kwa hivyo sikisii.

Kazi yangu kwa Mzee Karanja unaijua: kufungua geti, kumwagilia mboga za sukuma, kuosha gari, kulisha mbwa. Huyo mbwa Mzee alimnunua kando ya barabara akiwa bado mdogo, kutoka kwa mtu aliyekuwa na watoto wa mbwa ndani ya katoni. Yule mtu aliapa kwamba mama yao ni mbwa wa polisi. Mzee akamwita Simba, akaamuru afanywe mkali kama watu wengi hapa wanavyofanya: afungiwe mchana kutwa kwenye kibanda chenye giza, asizoee watu, ili akifunguliwa jioni awe na uchungu.

Nilimfungia. Lakini kila alipofunguliwa alitoka akiruka kwa furaha. Akakua na masikio marefu yanayofunika mashavu, manyoya ya mawimbi kifuani na nyuma ya miguu, rangi nyeupe yenye mabaka ya kahawia kama maini. Mgeni akiingia, Simba alikimbia kutafuta kiatu chochote akampelekea. Mzee akawa ananifokea, "Ni wewe umemharibu! Unampapasa kama mtoto!"

Jumapili moja Mzee alienda kanisani akanituma Dundori kuchukua viazi. Niliporudi, mlango wa nyumba kubwa ulikuwa umevunjwa. Pampu ya maji hakuna, televisheni hakuna, mtungi wa gesi hakuna. Simba alikuwa ameketi getini akitikisa mkia. Mama Shiru, mpangaji wa vyumba vya uani aliyekuwa amelala na homa, alisema hakusikia mbwa akibweka hata kidogo.

Hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Mzee aliwaita wapangaji wote uani, akaninyooshea kidole. "Mbwa hakubweka kwa sababu aliwajua! Ni huyu Mutuku na wenzake! Mwizi! Nimelisha mwizi kwangu!" Kioko alikuwa kibaruani juu ya paa la jirani akipigilia mabati, akasikia yote. Tumelelewa pamoja, Mama. Tumekula sufuria moja. Hakushuka hata kuuliza.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua sanduku langu. Nilimkuta daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi, amekuja kudunga mbwa chanjo. Mzee alikuwa anamwambia, "Mpime vizuri. Nafikiri hawa wezi walimpa dawa."

Daktari akamshika Simba kichwa, akamwinua sikio. "Mzee, huyu ulimnunua wa nini?"

"Wa kulinda. Ni mbwa wa polisi."

"Polisi?" Alicheka mpaka akashika geti. "Huyu ni springa spanieli. Nani alikudanganya?"

Akamwonyesha. Angekuwa koka, spanieli wa aina nyingine, alisema, angekuwa mfupi zaidi, kichwa cha mviringo, masikio yameshuka chini kabisa. Huyu ana miguu mirefu, pua ndefu, na masikio yanaanzia usawa wa jicho. Aina hii ilifugwa kuwafurusha ndege nyasini, kisha kuwaokota na kuwaleta bila kuwatafuna. Ndiyo maana analeta viatu: anatafuta kazi. Na kwake kila mtu ni rafiki.

"Lakini hakubweka!" Mzee akasema.

"Angembwekea nani, na wote aliwafurahia?" Akamgeukia mwendesha boda boda aliyemleta, ambaye hakuwa amewahi kufika pale. "Hebu ingia."

"Daktari, mimi sitaki kuumwa na mbwa ya mtu."

"Ingia tu."

Aliingia akitembea kama anayekanyaga mayai. Simba akamzunguka, akapotea nyuma ya nyumba, akarudi na ndala ya Mzee mwenyewe, akaiweka miguuni pake. Yule kijana akaangua kicheko. "Boss, huyu amenikaribisha kuliko mama mkwe! Nikija na pikapu nahama na hii nyumba yote, na yeye ananibebea viatu!"

Wapangaji walicheka. Mimi sikucheka, wala Mzee.

Nilipobeba sanduku, Mzee alinifuata hadi nje ya geti, akaongea chini chini. "Rudi kesho. Hayo tusahau."

"Waite wapangaji. Useme mbele yao kwamba sikuiba, kwa sauti ile uliyoniitia mwizi."

"Unataka nikuombe msamaha, kijana? Mimi ni mtu mzima!"

"Hata mimi."

Sikurudi, Mama, na sirudi. Sasa hivi napakia viazi kule Dundori, mgongo unauma, lakini hakuna anayenitazama mikono. Kinachonichoma ni kwamba Mzee anajua ukweli na amenyamaza nao, na jina langu limebaki pale uani kama taka ambayo hakuna wa kuizoa. Na ninyi huko mlilichukua vivyo hivyo, bila hata mmoja kuuliza.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja. Waite wale waliomsikia Kioko, na yeye mwenyewe akiwepo, Nzilani awasomee barua hii yote. Kabla ya hapo, nipigie simu, wewe mwenyewe, uniambie unachoamini. Hata kama unaamini niliiba, niambie. Nitajua pa kuanzia.

Msalimie Nzilani, dada yangu msomaji. Msalimie mdogo wetu Musyoka, mwambie asiache shule kunifuata. Msalimie shangazi pia. Yeye sina neno naye; neno langu ni kwa mwanawe.

Ni mimi mwanao, ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi,

Mutuku