Hatukufika Kwenye Kilele

Jumanne, 5 Agosti
Lavington tena. Nimetembea kwa miguu kutoka kwangu Woodley, baridi imeniingia mifupani. Wanja yuko likizoni, kidato cha tatu. Mamake anataka nimfunze hadithi fupi. Leo wahusika na mandhari. Fasili amekariri, ila haimwambii kitu. Nikamwambia aeleze sebule tuliyokaa.
"Ni kubwa, mwalimu, na hakuna watu."
Nimerudi kwangu. Sijasema neno na mtu tangu hapo. Tangu mume wangu afe, jioni ni hivi.

Alhamisi, 7 Agosti
Ploti. Nikamuuliza mgogoro ni nini. Akasema, "Ni kama vile mum na dad wanagombana nitaishi na nani?"
Jibu sahihi. Nilitaka kumshika mkono. Nikafungua ukurasa uliofuata. Mwoga mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesukwa Kenyatta Market. Nywele hazikuwa mbaya. Nilitaka tu mikono ya mtu kichwani. Msusi akauliza kama nina watoto. Nikasema nina mmoja, msichana, kidato cha tatu. Sina mtoto. Uongo ulinitoka wenyewe, na nikaufurahia mpaka nikafika nyumbani.

Jumanne, 12 Agosti
Leo tungesoma taharuki na kilele. Soja anayelinda lango hakulifungua.
"Hawako, mwalimu. Mama Wanja alitoka na mtoto Jumapili, na mizigo. Kwani hawakukupigia?"
Hawakunipigia. Mimi ni nani wanipigie? Mwalimu wa likizo. Simu ya mamake imezimwa. Nina hasira. Nimeona aibu pia, vile soja alivyonihurumia.

Ijumaa, 15 Agosti
Bado imezimwa.

Jumapili, 17 Agosti
Nilikuwa natoka kanisani. Namba ngeni. Wanja.
"Mwalimu, niko kwa shosho, Murang'a. Hii ni simu yake. Mum alisema atakuambia."
Nikasema haidhuru. Akauliza kama hadithi inaweza kuisha kabla mgogoro haujatatuliwa. Nikamwambia inaweza, nyingi huisha hivyo.
"Hiyo si poa."
"Si poa," nikakubali.
Kisha nikasema nililoshindwa kusema Lavington: ugomvi wa wazazi wake si kosa lake. Akalia. Sikumnyamazisha. Nilisimama kando ya ua wa kanisa, watu wakinipita na Biblia zao, mpaka akamaliza.
Nyanyake, huyo shosho, akachukua simu. Sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Akanishukuru, akasema nije siku moja ninywe chai. Labda alisema tu kwa adabu. Nimeuliza nauli ya Murang'a hata hivyo.
Jioni hii nimepasha githeri moto. Nimekula nikiwa nimekaa mezani, si kitandani. Nje watoto wa jirani wanaitwa wakaoge.