Tabasamu la Sayo

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Libère,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku, ambako siku hizi tunashona tukiwa tumevaa makoti. Mimi ni mzima, na Jeannine, mama wa Kikongo ninayeshona naye, anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Mama anaendeleaje na mguu? Na Emérite mdogo, uliyempa jina langu, ameshaanza kusoma mwenyewe?

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umezisifu kurasa nilizokutumia za manga yangu, hadithi ya katuni niliyoichora kwa mtindo wa Kijapani, kisha ukaniomba niubadilishe ukurasa wa arobaini. Armel, mwenye duka la kuchapa kule Marshalltown, anazitaka zote Ijumaa ili kitabu kiwahi tamasha la wapenzi wa katuni. Nimeona nikujibu kwa barua, atakuletea Élysée anayesafiri kuja huko, maana kwenye simu ungenikatiza kama kawaida yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiangalia katuni ya Goraima kwenye televisheni ya jirani, pale mtaani kwetu Buyenzi? Wewe ulikuwa rubani kila siku, hukubali zamu. Mimi nilikuwa Sayo, fundi wa lile roboti kubwa. Siku kituo kinapovamiwa, roboti lina kiti kimoja tu. Sayo anatabasamu, anafunga mlango, rubani anaruka, na katuni inaendelea bila yeye.

Katika manga yangu nimeihadithia katuni ile ile kwa macho ya Sayo. Nilianza kuichora kwenye karatasi za kukatia nguo, wateja wakisubiri suruali zao. Jeannine aliianza kushoto, kumbe manga husomwa kutoka kulia, akashangaa hadithi gani hii inayoanza na mwisho. Nilipomwelekeza akaisoma yote, akasema eish, huyo rubani wenu amepanda bila hata kumuuliza fundi atabaki na nani. Nilicheka, halafu nikashindwa kurudi kwenye cherehani.

Kwenye ukurasa wa arobaini, Sayo wangu hatabasamu. Mkuu wa kituo amemtuma akalete bisibisi, na anaporudi anakuta roboti limeshaondoka. Lile tabasamu mkuu alilitunga ili rubani apate moyo wa kupigana. Wewe unataka nilirudishe. Umesema bila tabasamu Sayo anapoteza heshima yake, na rubani anaonekana mwizi.

Sasa nikuambie jambo nililolinyamazia miaka kumi. Mwaka ule wa 2015, gari la baba mdogo lilipobaki na nafasi moja ya kwenda Kigoma, si mimi niliyekuachia. Mama alinituma kwa jirani kurudisha sufuria. Niliporudi wewe na baba mdogo mlikuwa mmeshaondoka, na wewe ulikuwa umeambiwa kwamba nimekataa kupanda na sitaki kuagana. Vijana wa kiume walikuwa wakikamatwa mtaani, na mama alichagua kama mzazi. Nilimlaumu sana, sasa simlaumu. Alinishika mikono akaniomba niseme hivyo hivyo kwa kila mtu, usije ukarudi kwa uchungu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikakubali. Tangu hapo kila mwaka unasimama kanisani kutoa ushuhuda wa dada aliyejitoa kwa ajili yako, na mimi napokea shukrani zisizo zangu. Uongo huo ni wangu pia, naomba unisamehe.

Wewe huna kosa, hukujua. Lakini Sayo simchori akitabasamu. Ukurasa unabaki ulivyo, na Ijumaa utakuwa mikononi mwa Armel. Kama utamsomea mama barua hii au hutamsomea, hilo nakuachia wewe uliye naye.

Si kubaki kulikoniuma, kaka. Nilikupenda kuliko nafsi yangu, na kama mngeniuliza ningesema panda wewe. Ila ningelisema mwenyewe.

Mfikishie mama salamu zangu za heshima, na shemeji yangu Victoire pia. Nataka kumshonea Emérite mdogo gauni. Usimchagulie rangi, muulize mwenyewe, kisha uniandikie alivyojibu.

Ni mimi dada yako,
Emérite