Bi Aziza, Nasra Karudi Skuli

Bi Aziza,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini kalamu haikubali kuanza bila ya salamu. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na bado nikiwa na neno zito nnakutafuta chumba cha walimu, nikisahau kwamba kiti chako sasa anakalia mwalimu wa jiografia.

Chumba cha kompyuta ulichokihangaikia kipo. Zile kompyuta ulizozunguka kuziomba ofisi kwa ofisi, nyingi bado zinafanya kazi. Unakumbuka siku uliyonifundisha kushika kipanya? Mimi mwalimu mzima, mtoto wa Chwaka, nimekinyanyua hewani nakielekezea kioo. Ulicheka mpaka miwani ikakuponyoka. "Kitelezeshe mezani, Rukia. Usikipungie."

Siku hizi watoto wana simu za kurikodi, na picha wanarushiana simu kwa simu. Hilo ndilo lililonikalisha kukuandikia.

Nasra hukumjua. Yuko kidato cha tatu, mtoto wa Malindi hapa mjini, mpole, hodari wa hesabu. Alikwenda harusi ya binamu yake, akacheza kichwa wazi baina ya wanawake, kama tuchezavyo sote tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Rafiki yake Saada alikuwa na simu ya mama yake. Akamrikodi. Akamrushia mwenzao mmoja darasani, ati wacheke. Haikupita wiki, picha ikafika skuli ya wavulana, na kijana mmoja wa dukani Darajani akamwambia Nasra njiani, "Tuchezee na sisi."

Nasra akaacha skuli.

Bi Aziza, hili sikumwambia mtu mpaka nilipowaambia watoto wenyewe. Niliwaona. Wakati wa mapumziko, wasichana watano sita wameinamia simu moja, wanacheka huku wameziba midomo. Nikapita. Mimi mwenyewe nilikuwa nnasoma ujumbe kwenye simu yangu. Ningesimama tu. Ningeuliza.

Mwalimu mkuu akaamuru simu zipigwe marufuku na chumba cha kompyuta kifungwe, kwa kuwa yote kwake yalikuwa mamoja. Baba yake Nasra akaja ofisini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikupeni mtoto asome," alisema. "Sasa wanamtazama mjini kama sinema."

Siku ile nilitamani ungekuwepo. Ulikuwa ukituambia, "Mtoto ukimfungia mlango bila ya kumwambia sababu, ataingilia dirishani." Basi nikamwomba mwalimu mkuu anipe kipindi kimoja tu na kidato cha tatu. Sikuwagombeza. Niliwaambia kwamba niliwaona nikapita, kwamba na mimi simu ilinishughulisha nikaacha kazi yangu. Nilipotoka, Saada alinifuata barazani.

"Mwalimu, ni mimi niliyemrikodi," akasema.

Alasiri ile tulikwenda Malindi, mimi, yeye na mama yake. Nasra alikuwa amekaa mkekani karibu na bibi yake, hakunyanyua uso. Saada akaomba radhi.

"Radhi yako nitaiweka wapi?" Nasra akamjibu. "Nenda ukawaambie waifute."

Akaenda. Mimi nilisimama mlangoni, yeye akaingia darasa baada ya darasa akisema, "Nilimrikodi mwenzangu bila ya ridhaa yake. Nakuombeni mufute." Kwenye skuli ya wavulana alikwenda na mama yake. Walikuwepo waliomzomea. Wengine walifuta. Wengine, najua, hawakufuta, na hapo mimi sina la kufanya.

Kwa baba yake Nasra nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza, "Angekuwa wako, ungemrudisha?" Nikamwambia ningemrudisha, na ningekuja naye mwenyewe mpaka getini. Asubuhi ya pili nikawaona wanakuja, baba mbele, mtoto nyuma yake. Alimleta hivyo mwezi mzima.

Mwalimu mkuu amelegeza marufuku, na chumba chako kimefunguliwa. Mlango unaachwa wazi, mwalimu yumo ndani, na simu zote zinawekwa kwenye sanduku, yangu ikitangulia. Kabla hatujawasha kitu, tunazungumza kwanza: aliyemo kwenye picha, umemuuliza? Watoto wanabishana sana. Nawaachia wabishane.

Nasra anawapigia chapa wadogo zake wa kidato cha kwanza mazoezi ya hesabu. Harusini haendi bado. Anasema atakwenda siku atakayotaka mwenyewe.

Aliyebaki moyoni mwangu ni Saada. Wenzake wamemtenga, anakula peke yake ukutani. Nasra hajamsemesha, na sitamlazimisha, kwani aliyeumizwa ni yeye. Lakini Saada naye ni mtoto wetu, Bi Aziza. Ana miaka kumi na sita. Alifanya uovu, kisha akasimama mbele ya madarasa yote akausema kwa ulimi wake, jambo ambalo watu wazima wengi tunalikimbia. Nakuahidi sitaacha siku ile moja iwe jina lake. Jumatatu nitakwenda kukaa naye pale ukutani na chakula changu, na Jumanne pia, mpaka wenzake wazoee kutuona.

Mola akunawirishie ulipo, mwalimu wangu. Nnakwenda kusahihisha madaftari.

Wako,
Rukia